Viti vya plastiki msikitini na migongo ya vijana wetu

Miaka minne iliyopita msikiti wetu hapa Mikese ulikuwa na viti viwili tu vya plastiki. Kimoja alikikalia mzee ambaye magoti yake yalikwisha kuchoka kwa umri, na cha pili kiliwekwa akiba kwa ajili ya mgeni au mgonjwa. Mwaka huu, katika kikao cha kamati, mhazini alitusomea ombi la kununua viti sita zaidi. Tulipouliza ni wazee gani hao walioongezeka, jibu lilitunyamazisha. Wengi wa wanaoomba viti si wazee. Ni vijana wa miaka 20 na kitu hadi 30 na kitu, wenye vifua vipana na mikono minene, ambao ukiwaona wamesimama safuni huwezi kudhani kwamba rukuu inawatoa machozi.

Kamati ilituagiza sisi tunaoandika kumbukumbu zake tuzungumze nao. Tulikutana nao mmoja mmoja baada ya sala ya Isha, faragha, kwa sababu baadhi ya waliyoyaeleza si ya kusemwa mbele za watu. Kisha tukaenda kuwauliza watabibu, tukasoma tulichoweza kusoma, na haya ndiyo tuliyorudi nayo.

Vijana hao wametoka katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wapakiaji, yaani wale wanaoshinda barabarani wakipandisha na kushusha magunia ya mkaa na mahindi, matenga ya nyanya, na mananasi na ndizi zinazoshuka kutoka milima ya Uluguru. Kundi la pili ni la wanyanyua vyuma. Hawa hukutana jioni nyuma ya nyumba, kwenye uwanja wenye benchi la mbao na bomba la chuma, ambalo kila upande limechomekwa kopo la rangi lililojazwa zege. Wapo walio katika makundi yote mawili, wanaobeba magunia mchana kwa ajili ya riziki na zege jioni kwa ajili ya kifua. Ukiwauliza wenyewe, watakuambia kwamba kazi ya mchana ndiyo inayoumiza na mazoezi ya jioni ndiyo yanayojenga. Mwili wenyewe hauijui tofauti hiyo. Unachokijua ni uzito, umbali wa uzito huo kutoka kiunoni, idadi ya marudio, na muda uliopewa wa kupumzika.

Msomaji aliyezoea barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro anaijua Mikese kwa mizani yake. Kwa miaka mingi malori ya kwenda bara na nchi jirani yamesimama hapa yakapimwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake, na anayezidisha hulipa, kwa kuwa uzito uliopindukia huvunja lami. Madereva wanajua jambo jingine ambalo abiria wengi hawalijui, nalo ni kwamba mizani haiangalii jumla peke yake. Gari linaweza kuwa halijafika tani 56, likazuiwa hata hivyo kwa sababu mzigo umelalia ekseli moja. Hapo utawaona vijana wakipanda juu ya lori kuyahamisha magunia kutoka nyuma kwenda mbele, mpaka kila ekseli ibebe haki yake.

Tulipomweleza tabibu mmoja habari ya ekseli alicheka, akasema kwamba hajapata kusikia maelezo bora zaidi ya mgongo wa binadamu. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na baina ya pingili na pingili mna kijisahani cha gegedu ambacho kiini chake ni laini kama ute mzito. Kijisahani hicho ndicho springi yetu. Mtu akisimama wima, mzigo ukiwa umekaribia kifua, uzito hushuka sawasawa katika nguzo nzima. Akiinama kutoka kiunoni, magoti yakiwa yamenyooka, na mzigo ukiwa mbele kwa urefu wa mikono, uzito wote hulalia ekseli moja, nayo ni pingili mbili za mwisho zilizo juu kidogo ya makalio. Huko ndiko majeraha mengi ya mgongo yanakotokea.

Hesabu yake si ngumu. Misuli inayouzuia mgongo usianguke mbele huvuta kutoka umbali wa takriban sentimita 5 tu nyuma ya kitovu cha pingili. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Ukiinyanyua ikiwa sentimita 50 mbele ya uti wa mgongo, umbali huo ni mara 10 ya ule wa misuli, kwa hiyo misuli italazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 200 ili kuizuia, na hapo hatujahesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe. Nguvu hiyo yote hukibana kile kijisahani. Ivute ndoo ile ile hadi igusane na mapaja kabla ya kuinyanyua, na mzigo wa kiuno utapungua kwa kiasi kikubwa bila kumwaga tone. Katika miaka ya 1960 daktari Msweden aitwaye Alf Nachemson aliingiza sindano maalumu ndani ya vijisahani vya watu waliojitolea, akapima msukumo uliomo wakiwa wamekaa, wamesimama na wameinama na mzigo. Kuinama na mzigo kuliongeza msukumo kwa kiasi kikubwa. Bibi zetu hawakuwa na sindano hiyo, lakini walipiga magoti kabla ya kujitwisha na walimwita mtu wa kuwatwika.

Sasa tuje kwenye kiasi cha mzigo wenyewe. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita chini ya milima hii hii. Stanley alipita Simbamwenni, ilipo Morogoro ya leo, mwaka 1871. Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika zama hizo ulikuwa takriban frasila mbili, sawa na kilo 32 hivi. Ulikuwa mzigo wa kubebwa kutwa, kwa miezi, na hatuwezi kuusifu. Hata hivyo, hata wenye misafara, ambao hawakujulikana kwa huruma, walielewa kwamba mpagazi aliyevunjika njiani ni hasara. Leo mpagazi wa Mlima Kilimanjaro haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20 za mizigo ya wageni, na mzigo hupimwa langoni. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa ukomo wa mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima, likataka wanawake na vijana wadogo wabebeshwe pungufu ya hapo kwa kiasi kikubwa.

Na sisi je? Sheria yetu ya Vipimo inataka mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umepigana na lumbesa kwa miaka. Ni vita ya haki, lakini tuitazame vizuri. Ukomo huo uliwekwa ili kulinda mfuko wa mkulima anayepunjwa na mnunuzi, na bega la mpakiaji halikuwa katika hesabu. Gunia halali la kilo 100 linakaribia mara mbili ya ukomo wa Shirika la Kazi, na lumbesa, gunia lenye kilemba cha majani na kamba, linapita hapo. Kijana mmoja alituambia kwamba siku ya biashara nzuri hupandisha magunia 60. Anapimiwa ujira kwa gunia, kwa hiyo hawezi kukataa zito, wala hawezi kumwita mwenzake wasaidiane bila kugawana malipo.

Kuhusu wanyanyua vyuma tunataka kusema kwa uadilifu, kwa sababu wazazi wengi wa hapa wanawatazama kama wahuni. Kunyanyua uzito kwa mpangilio ni mazoezi mema. Huimarisha mifupa, husaidia kudhibiti sukari mwilini, na misuli imara ya kiuno na tumbo ndiyo kinga ya mgongo. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba mazoezi ya kunyanyua uzito chini ya mwalimu yalileta majeraha machache, kwa kila saa ya mazoezi, kuliko mpira wa miguu. Ile imani kwamba chuma humdumaza kijana haina mashiko pale ambapo uzito ni wa kiasi na msimamizi yupo. Hatari iko kwa kijana ambaye mifupa yake bado inakua, naye anashindana kunyanyua uzito wa mwisho anaouweza ili apigiwe makofi.

Tatizo la uwanja wetu wa nyuma ya nyumba ni kwamba mwalimu hayupo na zege halina namba. Kopo la kulia hujazwa siku moja, la kushoto siku nyingine, na hakuna aliyewahi kuyapima. Kijana anayenyanyua bomba lenye kilo tatu zaidi upande mmoja, kila jioni kwa mwaka mzima, anaufundisha mgongo wake kupinda. Bega nalo ni kiungo chepesi kinachoshikiliwa na kano nyembamba zinazopita chini ya mfupa. Zikisuguliwa kila siku huvimba, na hatimaye huchanika. Dalili ya mwanzo ni maumivu ya usiku kwa anayelala upande huo, na kushindwa kuufikisha mkono mgongoni. Tena lipo benchi. Mwenye kulala chali na kusukuma chuma juu ya kifua chake, akiwa peke yake, bila nguzo za kuliegemeza bomba na bila mwenzake kichwani, anacheza na shingo yake. Duniani watu wamekufa kwa namna hiyo, chuma kikiwa kimewalalia kooni. Tulipowaambia hivyo vijana walitazamana, na mmoja wao akakiri kwamba aliwahi kujinasua kwa kuliinamisha bomba upande mmoja hadi kopo likachomoka.

Jambo ambalo hatukulijua kabla ya kuuliza ni habari ya pumzi. Mtu anaponyanyua kitu kizito huziba pumzi na kujikaza, na kujikaza huko hulifanya tumbo kuwa gumu na kuusaidia mgongo. Lakini kuna gharama. Mwaka 1985 watafiti nchini Kanada waliingiza mrija ndani ya mshipa wa ateri wa wanyanyuaji watano wenye uzoefu, wakapima shinikizo la damu wakati wanasukuma uzito mkubwa kwa miguu miwili. Shinikizo la mtu mwenye afya aliyetulia ni kama 120 kwa 80. Wastani wa wale watano ulifika 320 kwa 250, na mmoja wao alifika 480 kwa 350. Kwa kijana mzima, kilele hicho hudumu sekunde chache kisha hushuka. Kwa mtu wa miaka 45 mwenye shinikizo la juu asilolijua, anayesaidia kupandisha magunia kwa sababu ya ada ya shule, sekunde hizo chache zinatosha kupasua mshipa kichwani. Kwa hiyo tulishauriwa kwamba mtu atoe pumzi polepole wakati anapanda na mzigo, na kwamba aliyevuka miaka 40 apimwe shinikizo kwanza. Kipimo hicho huchukua dakika chache.

Tumefika sasa kwenye jambo ambalo kwa sababu yake tulikubali kuandika.

Wakati wa kujenga darasa la madrasa tuliwaita vijana wajitolee kushusha saruji. Mfuko mmoja wa saruji una kilo 50. Kijana mmoja, mpakiaji wa barabarani, alibeba miwili kwa pamoja, na wenzake wakamfuata. Nasi wanakamati tulisimama kivulini tukaleta takbira. Tunakumbuka vizuri kwamba hatukumwambia apunguze. Tulimsifu. Siku ile, alitueleza baadaye, alihisi kitu kikiachia kwenye kinena cha kulia, kama kitambaa kinachochanika. Usiku akaona kivimbe kidogo ambacho kilirudi ndani alipolala chali. Hakumwambia mtu. Baadaye akamwambia mjomba wake, naye mjomba akasema kwamba ni ngiri, ugonjwa wa wanaume wa ukoo, akampa mizizi ya kuchemsha.

Alikunywa mizizi hiyo kwa miezi saba. Kivimbe kilikua kikashuka hadi kwenye korodani, naye akaanza kuvaa kanzu pana na kukaa kwenye kiti msikitini, nasi tukadhani ni mgongo. Ijumaa moja hakuja. Tulipokwenda kumtazama tulimkuta amejikunja, anatapika, tumbo limejaa, na kile kivimbe kimekuwa kigumu, chekundu, hakirudi tena ndani. Usafiri hadi Morogoro ulipatikana baada ya Magharibi. Alipasuliwa usiku huo huo, na kipande cha utumbo kilichokwisha kufa kikakatwa. Alhamdulillah, yu hai. Daktari alituambia kwamba lau tungesubiri mpaka asubuhi, tungeitisha sala ya aina nyingine.

Tulimuuliza daktari kama saruji yetu ndiyo iliyomtoboa. Hakutupa jibu la kutuliza wala la kutuhukumu. Henia, alisema, huhitaji mambo mawili: ukuta wa tumbo ulio dhaifu mahali fulani, na aghalabu udhaifu huo mtu huzaliwa nao, kisha msukumo wa ndani unaoupanua, uwe ni wa mizigo, kikohozi cha muda mrefu, kufunga choo, au kwa wazee kujikamua kwa sababu ya tezi dume. Wataalamu hawakubaliani kwamba kunyanyua mara moja peke yake kunatosha kuisababisha. Basi huenda udhaifu ulikuwepo, na huenda magunia ya barabarani yalikwisha kuupanua. Hata hivyo, mifuko ile miwili ilikuwa ya kwetu, na miezi saba ile aliishi miongoni mwetu.

Lugha yetu yenyewe imechangia kumficha. Watu wa pwani na wa hapa kwetu hutumia neno ngiri, au mshipa, kwa maradhi mengi yasiyohusiana, kama maumivu ya tumbo, uchovu wa kiuno, upungufu wa nguvu za kiume, na uvimbe wowote wa kinena. Busha ni kitu kingine kabisa. Hilo ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani, na katika mikoa yetu mara nyingi hutokana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Busha halirudi ndani mtu akilala, wala halijikazi ghafla likamuua. Henia ni utumbo, au mafuta yanayouzunguka, uliopenya kwenye tundu. Hakuna mzizi unaoshona tundu. Tiba yake ni upasuaji, na upasuaji wa mapema, kabla utumbo haujanasa, ni miongoni mwa ule mwepesi ambao mgonjwa aghalabu hurudi nyumbani baada ya muda mfupi. Kivimbe kinachorudi ndani ni cha kupanga tarehe na hospitali. Kivimbe kilichogoma kurudi, chenye maumivu na kutapika, ni cha kukimbizwa saa hiyo hiyo.

Wapo wanaoogopa gharama, hususan za wavu unaowekwa kuziba tundu. Hapa pana habari ya kutia moyo kutoka kwa majirani zetu. Mashariki mwa Uganda walifanya majaribio, yakachapishwa mwaka 2016, kwa wanaume 302 wenye henia ya kinena. Nusu waliwekewa wavu wa kiwandani wa bei kubwa, na nusu wavu wa bei ndogo uliokatwa kutoka kitambaa cha chandarua kisichotiwa dawa, baada ya kutakaswa kwa njia za hospitali. Baada ya mwaka mmoja, henia ilimrudia mtu mmoja tu wa kundi la chandarua na haikumrudia yeyote wa kundi jingine, tofauti ambayo kitaalamu haina uzito. Tunaomba tu asitokee mtu wa kukata chandarua chake cha nyumbani baada ya kusoma haya.

Wake na mama zetu wasidhani kwamba habari hii ni ya wanaume. Ile ndoo ya lita 20 ni sawa na mzigo wote wa mpagazi wa Kilimanjaro, nayo hupanda kichwani mara tano au sita kwa siku, mara nyingine na mtoto mgongoni. Shingo huzeeka mapema chini ya mzigo wa kichwani, na ganzi ya vidole asubuhi mara nyingine chanzo chake ni shingoni. Zaidi ya hayo, mwanamke anayerudia kubeba mizigo mizito mara tu baada ya kujifungua, misuli ya nyonga ikiwa bado imelegea, anajiweka katika hatari ya kizazi kushuka. Maradhi hayo hufichwa kuliko henia ya wanaume. Arobaini ya wazee wetu ilikuwa na hekima katika mwili, na mume anayeona haya kuonekana na ndoo kisimani katika siku hizo ajiulize haya hiyo inamlinda nani.

Jambo jingine tulilolikuta kwa karibu kila kijana ni vidonge. Mpakiaji humeza diklofenaki asubuhi kabla ya kazi kama mwingine anavyokunywa chai, na wengine huchomwa sindano yake kwenye duka la dawa. Dawa hiyo hupunguza uvimbe na maumivu, lakini haiungi kilichochanika. Anayeinyamazisha sauti ya mgongo kisha akabeba magunia 60 amezima taa ya onyo akaendelea kuendesha. Ikitumiwa kwa muda mrefu hutoboa tumbo na kudhoofisha figo, hasa kwa mtu mwenye njaa na kiu. Hapo ndipo Ramadhani inapotuhusu. Wapo vijana wanaonyanyua vyuma saa moja kabla ya futari, koo limekauka, wakiamini kwamba mafuta ya mwili huungua vizuri zaidi. Misuli ikilazimishwa kupita kiasi huvunjika, na vipande vyake huingia katika damu na kuziba figo. Mkojo ukiwa na rangi ya kahawia au ya chai ya rangi siku moja au mbili baada ya mazoezi makali, hiyo si alama ya kidume. Ni hospitali. Atakaye mazoezi mwezi huo ayafanye baada ya kufuturu na kunywa maji ya kutosha.

Tumeulizwa pia kuhusu wakandaji. Kuchuliwa kwa mafuta misuli iliyokaza hakuna ubaya. Anayeupanda mgongo kwa visigino ili arudishe mshipa tunamwomba aache. Maumivu mengi ya mgongo yanayotokana na kunyanyua hutulia yenyewe katika wiki chache, na kinyume cha tulivyolelewa, kulala kitandani siku nyingi huyachelewesha. Kinachotakiwa ni kuendelea kutembea, kupunguza mzigo na kurudi taratibu. Maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi chini ya goti au unyayoni yanaonyesha kwamba kijisahani kimetokeza na kinabana mshipa wa fahamu. Huyo amwone daktari, na ajue kwamba picha ya kawaida ya eksirei haikionyeshi kijisahani. Lakini akipata ganzi mahali panapogusana na tandiko la baiskeli, au akishindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, au miguu yote miwili ikilegea, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Mishipa inayohudumia viungo hivyo ikibanwa kwa muda, huenda isirudi tena. Kwa mikoa yetu, kazi kubwa za upasuaji wa uti wa mgongo hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, nayo hupokea wagonjwa waliopewa rufaa, kwa hiyo safari inaanzia kituo cha afya cha hapa, si stendi.

Kuhusu viti, tuliwaondolea vijana wetu aibu waliyokuwa nayo. Sahaba Imran bin Huswain, Allah amridhie, aliugua bawasiri, maradhi ambayo nayo huzidishwa na kujikamua, akamuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, aswali vipi. Aliruhusiwa akae akishindwa kusimama, na alale ubavu akishindwa kukaa. Basi aliyeumia akae, wala asijilazimishe rukuu inayomchana. Ila tuliwaambia jambo la pili pia. Aliyeuliza alipewa ruhusa kwa sababu aliusema ugonjwa wake kwa jina. Wazee wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Kikao cha kamati kilichofuata kilipitisha viti vinne badala ya sita, na fedha iliyobaki ikanunua toroli na mizani ya kuning'iniza ya kilo 100, ile itumiwayo na wanunuzi wa mazao. Vijana wa vyuma waliiazima kabla haijatumika. Kopo moja lilikutwa na kilo 19 na la upande wa pili kilo 14. Wameyavunja yote na wanayajaza upya. Pia tumeongea na wenye malori wawili kuhusu kulipa gunia zito kama kazi ya watu wawili. Mmoja amekubali, wa pili ametuambia tushughulike na mambo ya msikiti.

Jumamosi ijayo baada ya Alfajiri tunashusha mifuko 40 ya saruji ya kumalizia darasa lile lile. Itapita kwenye toroli, na pale toroli lisipofika, mfuko mmoja kwa watu wawili. Kijana wetu aliyepasuliwa ameomba aje kusukuma. Tumemwandika kuwa karani wa kuhesabu mifuko, mpaka daktari atakapomwona tarehe yake ya marejeo.